Ovaroli Iliyotakata

Ovaroli ilifika nyumbani Jumatatu asubuhi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili, na mafundo yote mawili hayakusaidia kitu. Ilinuka. Aliyeileta alikuwa dada wa mgonjwa, ametokea hospitali alikokesha kwenye benchi la mbao, macho mekundu, viatu mkononi kwa jinsi miguu ilivyomvimba. Aliuweka mfuko kizingitini, akasema, "Nguo za mumeo hizo," kisha akageuka kurudi wodini bila hata kuomba maji ya kunywa.

Mke wa mgonjwa aliitwa Bi Kesho. Jina hilo alipewa na wifi yake huyohuyo mwezi wa kwanza wa ndoa, siku alipokuta kapu la nguo chafu limejaa pomoni, na bibi harusi akamjibu kwa sauti ya usingizi, "Nitafua kesho, wifi." Basi ikawa ndiyo imetoka. Mumewe alimwita Bi Kesho kwa mapenzi, mama mwenye nyumba kwa mzaha, na wifi kwa kumchoma. Miaka mitatu sasa wifi hajaingia chumbani mwao bila kunusa pazia, kupitisha kidole juu ya kabati, kisha kukitazama kile kidole kwa huzuni kama vile kimefiwa.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, mume aliitwa kazini. Alikuwa mtu wa mapipa kwenye kiwanda cha ngozi. Kazi ya Jumapili pale haiandikwi kitabuni. Msimamizi hupita uani, anagonga dirisha, anasema, "Njoo tusaidiane kidogo," na mtu anakwenda, maana asiyekwenda Jumapili, Jumatatu anaambiwa arudi nyumbani apumzike vizuri. Walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake wanayemwita Mrefu, wakitoa ngozi mbichi kwenye pipa la kwanza, lile la maji ya chokaa na dawa ya kung'oa manyoya. Ngozi ya ng'ombe iliyolowa ina uzito wa mtu mzima. Ikawaponyoka, ikarudi pipani kwa kishindo, na yale maji yakamrukia usoni na kifuani.

Daktari hakuficha neno. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia lina matumaini, lakini matumaini yenyewe yako kwenye hospitali kubwa ya macho, si hapa, na utando mweupe unaenea kila siku. Mgonjwa wa kawaida husubiri zamu ya huko miezi. Aliyeumia kazini, kiwanda kikimwandikia barua, hupokelewa siku anayofika. Barua, basi. Nyumba nzima ilibaki kuitazamia barua hiyo.

*

"Bi Kesho! Kuna nini kimefia chumbani kwako?"

Alikuwa mama mwenye nyumba, amesimama katikati ya ua na ncha ya mtandio puani.

"Ni nguo za mgonjwa, mama. Nisamehe."

"Namwonea huruma mgonjwa, wallahi namwonea huruma. Lakini hebu na mimi nionee huruma. Mayai viza mia moja hayanuki hivi! Mpangaji wa chumba cha mwisho amekuja kuniuliza kama choo kimefurika."

"Nitaitoa nje."

"Nje wapi? Nje ni hapa nilipo mimi!"

Wapangaji wawili waliokuwa wakichambua mchele waliangua kicheko, kisha wakakumbuka kwamba mwenye nguo yuko hospitali, wakainamisha nyuso kwenye sinia zao. Bi Kesho aliusukuma mfuko uvunguni, akafunga mlango na kukaa kitandani. Alikuwa hajala tangu jana. Alitamani kwenda hospitali, lakini wifi alikuwa amekwisha kupanga kwamba yeye atakaa na kaka yake mchana na usiku, na Bi Kesho apike na kupeleka chakula jioni. "Wewe huko wodini utafanya nini zaidi ya kulia?" ndivyo alivyoambiwa. Hakubisha. Kubishana na wifi yake ni kazi aliyoiacha zamani.

Saa saba mchana simu ikalia. Wifi alikuwa akipiga kwa simu ya kuazima, na nyuma yake kitanda cha magurudumu kilipita kikipiga kelele kama kinachinjwa.

"Wifi? Unanisikia? Ile ovaroli..." sauti ikakatika, ikarudi, "...ifue! Umenisikia?... mpaka kesho, nakuja na mtu!"

"Unakuja na nani?"

"Umenisikia au hukunisikia?"

"Nimesikia, wifi."

Simu ikafa. Bi Kesho akaitazama. Hasira tupu ilimpanda. Mume wangu amelala na bandeji machoni, akawaza, na huyu mwanamke bado anahesabu nguo chafu. Eti uifue. Tena anakuja na mtu, ili huyo mtu aone kama kapu langu limejaa. Haya. Leo sitasema kesho.

Na msimlaumu haraka. Mtu aliyeambiwa fua, fua, fua kwa miaka mitatu, akisikia nusu ya neno atalimalizia kwa lile alilolizoea.

*

Alifua kwa hasira, na hasira ni nguvu. Alipoitoa ovaroli mfukoni ilisimama yenyewe, imekauka kifuani na mikononi kwa ukoko mweupe kama uji uliogandia sufuriani. Akaitumbukiza kwenye beseni. Kabla hata hajatia sabuni, maji yalikuwa yamekwisha kuteleza kama yenye sabuni tayari, na ile harufu ikapanda ikamkaba. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Mama mwenye nyumba akapiga kelele kutoka dirishani, "Hapo sasa! Ungeanza asubuhi!"

Alimwaga maji ya kwanza mtaroni. Akatia ya pili na sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua iliyokuwa imebaki kidogo kwa ajili ya mashuka ya wageni, akaikung'uta yote. Akapiga brashi kola, akapiga brashi mifuko, akapekua mishono kwa kucha kutoa vile vijiwe vyeupe vilivyojificha ndani. Mikono ikaanza kuwasha, kisha kuuma, kisha kuungua waziwazi, lakini hakuacha. Akafua mara ya pili. Akasuuza mara tatu. Alipoianika, ovaroli ya buluu ilirudi buluu, rangi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameisahau.

Jioni aliipiga pasi, mkunjo wa mguu ukawa wembe. Akainusa. Maua matupu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alijisikia kuna jambo moja amelifanya likakamilika. Mikono tu ndiyo iliyomsumbua: vidole vimevimba, vyekundu, na ngozi ya kando ya kucha inachunika kama ganda la kitunguu. Alijipaka mafuta ya kula akajilaza. Aliona aibu. Wifi aliwahi kumwambia mbele ya watu, "Mikono ya wifi yangu ni ya kushikia kalamu, sabuni ikiiona inaiuma." Sasa angeiona hii, angeipeleka hadithi mpaka mtaa wa tatu.

*

Kesho yake wifi alikuja na mtu kweli. Alikuwa bwana wa makamo, shati limechomekwa vizuri, faili kwapani. Alijitambulisha kuwa mkaguzi wa kazi, akaomba radhi kwa kuingia chumbani na viatu.

Wifi alikuwa na uso ambao Bi Kesho hajauona siku nyingi, uso wa matumaini. "Ndugu mkaguzi alikuja wodini jana kumwona mgonjwa mwingine, nikamng'ang'ania," alisema haraka haraka. "Amekubali kutusikiliza. Kiwanda kimeandika kwamba kaka hakuwa kazini Jumapili. Eti alikuwa nyumbani anapaka chokaa ukutani! Chokaa! Chumba chenyewe cha kupanga. Haya wifi, lete ile nguo."

Bi Kesho akaenda kabatini. Akaitoa ovaroli, imekunjwa mraba, akaileta mbele yao juu ya migongo ya mikono yake, viganja amevigeuzia chini. Chumba kikanukia maua.

Mkaguzi aliipokea, akaifungua, akaitazama kifuani, akaitazama kola, kisha, polepole, kama mtu anayetimiza wajibu tu, akaipeleka puani.

"Nilikwambia nini?" wifi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Wifi, nilikwambia nini kwenye simu?"

"Ulisema uifue."

"Nilisema usiifue."

"Ulisema..."

"U-si-i-fue! Usiifue! Iache hivyohivyo mpaka kesho, nakuja na mtu! Yarabi toba, mtoto wa watu wewe, una masikio au una matundu?" Akakaa sakafuni palepale, mwanamke mzima, akajishika kichwa. "Siku zote namwomba afue hafui. Siku moja, siku moja tu maishani namwambia asifue!"

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alimweleza Bi Kesho taratibu, kama anayemweleza mtoto, na huo upole ulimuuma kuliko kelele za wifi. Chokaa ya kupaka nyumba haina harufu. Chokaa ya pipa la kwanza imechanganywa na dawa, na dawa hiyo ndiyo inayonuka yai viza. Haipatikani dukani, haipatikani popote ila kiwandani. Nguo ingepelekwa kwa wapimaji wa serikali ikiwa na ukoko wake na uvundo wake, kiwanda kisingekuwa na pa kukimbilia.

"Umeifua mara ngapi, mama?"

"Mbili."

"Na kusuuza?"

"Tatu."

Akatikisa kichwa. "Hapo hata mashine haioni kitu. Lakini kesho nitakwenda nayo kiwandani hata hivyo. Njooni wote wawili. Kama kuna shahidi, mlete."

Wakati wote huo Bi Kesho alikuwa ameisokomeza mikono yake chini ya mtandio. Iliwaka moto. Aliona bora iwake.

*

Shahidi alikuwa mmoja tu. Alfajiri walimvizia Mrefu nje ya lango la kiwanda, wifi upande huu na Bi Kesho upande ule, kama askari wanaokamata mwizi. Alipowaona alipunguza mwendo, akaangalia nyuma, akaangalia lango.

"Shemeji," Bi Kesho alisema, "sema tu kwamba ulikuwa naye. Neno moja tu."

"Anaendeleaje?"

"Haoni. Shemeji, ulimbeba wewe. Ulimfikisha hospitali wewe mwenyewe, mgongoni."

Mrefu alilamba midomo. "Nilimkuta njiani," alisema.

"Njia gani?" wifi alidakia. "Njia gani ina pipa la chokaa?"

"Dada, tusipandishe sauti. Jumapili mimi nilikuwa nyumbani nimelala. Kitabu kinasema hivyo. Msimamizi ametuita jana, wote, akatusomea kitabu." Akamgeukia Bi Kesho, na machozi yalikuwa yamemlengalenga, bwana mrefu vile. "Shemeji, nina wanne wanaonitegemea. Ningekuwa peke yangu ningesema. Haki ya Mungu ningesema. Mwambie nampa pole sana."

"Pole yako mpe mwenyewe," wifi alisema. "Nenda ukamtazame usoni umpe."

King'ora kikalia. Mrefu akaingia ndani karibu akikimbia, ameinamisha kichwa langoni ingawa lango lilikuwa refu kuliko yeye.

*

Meneja aliwapokea kwa adabu zote. Aliamuru viti viletwe. Aliuliza hali ya mgonjwa, akasikitika, akasema ni mfanyakazi mzuri na kwamba nafasi yake itaangaliwa akipona. Kisha akafungua kitabu cha mahudhurio, akakigeuza kielekee upande wao. Jumamosi ilijaa sahihi. Jumatatu ilijaa sahihi. Jumapili ilikuwa nyeupe, safi.

"Watu wetu tunawapenda," alisema, "lakini siwezi kuandika barua kwa ajali ambayo haikutokea hapa. Ningekuwa nadanganya, au siyo?"

Mkaguzi akaiweka ovaroli mezani. "Hii ndiyo aliyokuwa amevaa."

Meneja aliivuta kwa vidole viwili, akainusa, akatabasamu. "Kweli? Mbona inanukia kuliko ofisi yangu?" Karani wake, aliyekuwa akiandika pembeni, akacheka kidogo puani. "Mama, ni wewe uliyeifua? Hongera. Hapa kiwandani tuna shida sana ya watu kuja na ovaroli chafu. Ningependa wake wote wawe kama wewe."

Bi Kesho alitazama mkunjo wa pasi alioupiga kwa mikono yake na kutamani ardhi ipasuke immeze na kiti chake. Hajawahi kusifiwa usafi na mtu yeyote tangu aolewe, na ilipokuja sifa yenyewe ikaja hapa.

"Dukani ovaroli hizi zimejaa tele," meneja aliendelea. "Chokaa nayo imejaa tele. Mtu anapaka ukuta Jumapili, inamrukia, inauma. Nasikitika. Kweli nasikitika."

Mkaguzi aliandika mistari miwili. Alionekana kuchoka. Akamgeukia Bi Kesho kabla ya kufunga faili. "Mama, kuna jambo lingine? Chochote ulichoona, ulichobaki nacho? Kitambaa, kiatu, chochote kilichogusana na ile dawa?"

Alifikiri. Alifikiri kwa dhati kabisa, mikono yake miwili imelala mapajani chini ya mtandio, ngozi ya viganja imepasuka na kunata kwenye kitambaa. Viatu vya kazi vilibaki kiwandani. Mfuko wa plastiki aliutupa. Maji aliyamwaga.

"Sina," alisema.

Faili likafungwa.

*

Wodini, mgonjwa aliwatambua kwa vishindo vya miguu yao. "Mmefika," alisema, akageuza uso wenye bandeji upande usio wao. "Imekuwaje?"

Bi Kesho alikuwa amejiandaa njia nzima. Alikuwa amepanga maneno, mimi ndiye, nisamehe, mimi ndiye niliyekuua.

"Nilimwambia aifue ile ovaroli," wifi alisema ghafla. "Ni mimi. Nilimwambia kwa simu. Unanijua mimi na usafi wangu wa kijinga. Wamesema bila ile harufu hakuna kesi."

Bi Kesho akamtazama wifi yake. Wifi alikuwa akitazama dirisha, kidevu juu, kama aliyesema jambo la kawaida.

Mgonjwa alipapasa shuka kwa mkono. "Basi," alisema. "Basi, imekwisha. Bi Kesho yuko wapi? Nipe mkono."

Hakuwa na namna. Alimpa. Mumewe aliushika, akatulia, kisha kidole gumba chake kikaanza kutembea: kiganjani, kwenye mpasuko, kando ya kucha moja, kando ya kucha nyingine. Akaukamata na mkono wa pili.

"Hii nini?"

"Sabuni."

"Sabuni gani? Hapa kwenye kucha ngozi imeinuka yote. Hapa panateleza." Alijaribu kukaa kitako, dada yake akamzuia, naye akamsukuma dada. "Hili ni pipa la kwanza! Sisi sote tulianza hivi, wiki ya kwanza kazini, kabla hawajatupa glavu. Sabuni haifanyi hivi hata uifulie mwaka mzima. Mkaguzi ameiona?"

Dada yake akainama kuitazama.

"Mkaguzi ameiona hii mikono?"

"Niliificha," Bi Kesho alisema.

"Uliificha? Kwa nini?"

Angejibu nini? Kwamba alimwonea haya wifi? Kwamba mume wake anapofuka, yeye alikuwa anaogopa kuchekwa? Alilia kwa sauti mpaka muuguzi akaja kuwatazama. Wifi alikuwa amekwisha kuvaa viatu vyake. "Inuka," alimwambia. "Lia njiani. Inuka twende."

*

Ofisi ya ukaguzi walikuta karani peke yake anafunga madirisha. Bwana mkaguzi ameondoka mchana huu, aliwaambia, safari ya kikazi mikoani. Atarudi baada ya wiki mbili. Msaidizi hana. Simu yake ni ya ofisi, na ofisi ndiyo hii.

"Wewe hapa hebu itazame," wifi alisema, akaunyanyua mkono wa Bi Kesho juu kama anauza samaki. "Itazame uandike."

"Mimi ni karani, mama. Naandika ninachoambiwa."

Walirudi kwa daktari. Alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango. Aliitazama mikono kwa nukta chache, akauliza, "Umefua karibuni?" Bi Kesho akasema ndiyo, maana ndiyo ilikuwa kweli, na kabla hajaendelea daktari alikuwa amekwisha kuandika: michubuko ya sabuni. Wifi alipobisha, akaambiwa yeye si daktari. Picha walipiga pia kwa simu ya mama mwenye nyumba. Ikatoka mikono miwili myekundu ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote duniani.

Ikabaki kungoja. Na hapo nyumba ile ikaanza kuishi maisha ya ajabu, maana watu huomba vidonda vipone, wao wakaanza kuomba visipone. Wifi aliacha kukesha wodini, akahamia chumbani kwao, akalala sakafuni. Yeye ndiye aliyefua, aliyeosha vyombo, aliyechota maji. Hakumruhusu Bi Kesho kugusa hata kijiko kilicholowa. Muuguzi mmoja mwenye huruma aliwapa kichupa cha mafuta ya dawa. Wifi akakitia mfukoni, akakitupa mtaroni walipotoka.

"Inauma?" alimwuliza kila asubuhi.

"Inauma, wifi."

"Nionyeshe. Afadhali." Kisha akageuka upande, asionekane uso. "Nisamehe, mwenzangu. Sijui hata nasema nini."

Siku ya tano maumivu yalipungua. Siku ya saba Bi Kesho aliamka, akakunja ngumi, ngumi ikakunjika vizuri, na woga ukamshika. Alianza kujichuna kwa siri. Akakaa chooni akikwangua kando ya kucha kwa pini, akaona damu, akafurahi, kisha akajiona alivyo, amechuchumaa pale na pini mkononi, akalia. Damu ya pini si ngozi ya pipa la kwanza. Mumewe alipomshika mkono wodini jioni ile alijua mara moja. "Acha," alimwambia. "Usijiumize bure. Hiyo wataijua." Bi Kesho alikuwa kijana, ngozi yake nzuri, mwili wake mzima. Ulipona tu, bila kumwuliza.

Wale wanawake wawili hawakuzungumza tena habari ya barua. Mgonjwa naye aliacha kuuliza tarehe. Mwanzoni alikuwa akisema dirisha liko wapi kila bandeji ya jicho la kulia ilipobadilishwa, na muuguzi alimpongeza. Siku ya kumi na tatu alionyesha ukuta.

Mkaguzi alirudi kama alivyosema, baada ya wiki mbili kamili. Walikuwa wa kwanza mlangoni. Aliwakumbuka, akawakaribisha, akasikiliza maelezo yote ya wifi bila kumkata: beseni, maji yaliyoteleza kabla ya sabuni, kucha, maneno ya mgonjwa. Alisogeza faili zake kando ili kupata nafasi mezani.

"Hebu niione, mama."

Bi Kesho akaitoa mikono chini ya mtandio, akaitandaza juu ya meza. Mkaguzi alivaa miwani. Alitazama migongo ya mikono, akaigeuza akatazama viganja, akatazama kidole kimoja kimoja. Ngozi ilikuwa mpya, laini, ya waridi kidogo kama ya mtoto mchanga.

"Imepona," alisema, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akaongeza, "Mshukuru Mungu, mama."